Kasa hakutuita, sisi ndio wageni wake

Shule zikikaribia kufungwa, simu za familia zetu hapa Oman huanza kulia kwa swali moja: mwaka huu twende wapi? Waliojaaliwa tiketi huenda nyumbani, Unguja, Pemba, Mombasa au Tanga. Wanaobaki hutafuta pa kukimbilia joto. Wako wanaokwenda Salalah kwenye kharifu, wako wanaopanda Jabal Akhdar, na kila mwaka naona wanazidi wanaosema: tuwapeleke watoto Ras al-Jinz wakaone kasa.

Mie safari hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili. Watoto wetu wamezoea duka kubwa lenye baridi, sinema na simu. Mtoto wa miaka 10 anaweza kukutajia aina zote za magari na asijue kasa anataga nchi kavu au majini. Kumtoa mtoto huyo usiku, ukamkalisha mchangani kimya akamtazama mnyama mkubwa anachimba shimo kwa makasia yake, ni darasa ambalo mwalimu hawezi kulitengeneza kwa chaki.

Lakini nina neno kabla hatujafunga mizigo, na neno lenyewe linaanza na kosa langu.

Tulikwenda magari matatu, watu 17, kuanzia mtoto wa kubebwa mpaka mimi bibi mtu. Tulitoka Maskati baada ya chakula cha mchana, tukapita Quriyat, tukasimama Tiwi watoto wanyooshe miguu, Magharibi ikatukuta Sur. Usiku tukajiunga na wageni wengine pale kwenye kituo cha hifadhi. Kijana anayeongoza wageni alitupanga kwenye kundi letu akatueleza masharti kwa Kiarabu na kwa Kiingereza: hakuna taa, hakuna picha, hakuna kelele, hakuna kumtangulia yeye. Wote tukaitika. Mie ndio niliyewatafsiria watoto kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya darasani.

Tulimwona kasa wa kwanza anataga. Tulisimama nyuma yake kama tulivyoelekezwa, mayai yakidondoka mawili matatu, meupe, duara. Hakuna mtoto aliyethubutu kukohoa. Wakati wa kurudi, kijana yule akatupungia mkono tukae chini. Kasa mwingine alikuwa anatoka majini. Mwezi ulikuwa mdogo, unaona kivuli tu kinasogea, kinapumzika, kinasogea tena.

Mjukuu wangu alikuwa ameshika simu yangu. Nikamnong'oneza: piga moja tu, upesi, tumpelekee khalati yako London. Akapiga. Taa ikawaka.

Kasa akasimama pale pale. Akakaa hivyo kwa muda, kisha akageuka, akarudi baharini na mayai yake tumboni.

Kijana akauliza kwa Kiarabu: nani? Hakuna aliyejibu. Mjukuu akanitazama mimi. Na mie, mwalimu niliyesimama mbele ya wanafunzi zaidi ya miaka 30, nikainamisha kichwa nikanyamaza. Nikamwachia mtoto aliyefuata amri yangu abebe macho ya watu wote usiku ule.

Nilifundisha sekondari ya misheni. Mkuu wetu wa shule, sista mmoja mkali, alikuwa na kanuni yake: mwalimu akikosea ubaoni, anasahihisha ubaoni, mbele ya darasa lile lile. Si ofisini, si kesho yake kwa siri. Wengi wetu hatukuipenda. Asubuhi ya pili nikarudi kituoni nikamtafuta yule kijana, mjukuu mkononi, nikamwambia ni mimi niliyemtuma. Hakunigombeza. Akasema, Hajja, huenda akarudi usiku huu au kesho. Lakini akifukuzwa mara nyingi, mayai humwishia baharini. Akatushukuru kwa kuja kusema. Mjukuu hakuzungumza mpaka tulipofika Sur.

Leo naandika hapa kwa sababu ubao wangu sasa ni huu.

Tuseme mambo yalivyo, tujue tunacheza na kitu gani. Katika maji ya Oman wanapatikana aina tano kati ya aina saba za kasa waliopo duniani, na aina nne hutaga kwenye fukwe zake. Wale wa Ras al-Jinz ni wale wenyewe ambao sisi watu wa pwani tunawaita kasa kwa jina tupu. Babu zetu walikuwa na jina la kila mmoja: kasa, ng'amba, duvi, kigome. Maana yake waliwajua. Sehemu ile ya Ras al-Hadd na Ras al-Jinz ilitangazwa kuwa hifadhi ya kasa mwaka 1996, na sheria ya hifadhi na wanyamapori ya mwaka 2003 inakataza kuwaua, kuwakamata na kuchukua mayai yao.

Jike hupanda usiku, huchimba, hutaga mayai kama 100 hivi, hufukia, hurudi baharini. Msimu mmoja anaweza kupanda mara kadhaa, kila baada ya wiki mbili hivi, kisha akapumzika miaka miwili mitatu kabla ya kutaga tena. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Joto la mchanga ndilo linaloamua: likizidi, wengi hutoka majike, likipungua, wengi hutoka madume. Vitoto vikitoka hufuata pale penye mwanga zaidi, na usiku usio na taa, mwanga huo ni wa bahari. Ukiwasha taa nyuma yao, wanakuja kwako badala ya kwenda majini, na wakikawia mchangani wanaliwa na mbweha, kaa na ndege, au jua linawakuta. Wanaosalimika mpaka ukubwani ni wachache mno, kwa makisio hata mmoja katika elfu hafiki. Na huyo mmoja huchukua miaka 25 au zaidi kabla hajataga yeye, tena hurudi kwenye pwani za upande ule ule alikozaliwa.

Fanya hesabu, msomaji. Kitoto cha kasa kitakachotoka mwaka huu, kikijaaliwa, kitapanda kutaga wakati mjukuu wangu ameshakuwa mama wa watu. Picha yangu ilikuwa ya sekunde moja, tena ilitoka mbaya, haionekani kitu ila mchanga na giza.

Sasa, kosa la ndani ya hifadhi lina mtu wa kulizuia. Kinachonitia hofu zaidi ni tunachofanya nje ya geti. Si siri. Familia zikiona bei ya tiketi kwa watu wanane au kumi, au zikikuta nafasi zimejaa, husema: kwani kasa ni wa pale tu? Tutafute pwani tupu. Basi gari zinaingia mchangani, mahema yanapigwa, mkaa unawashwa, mishkaki inageuzwa, taa za gari zinamulika mpaka ukingoni mwa maji, na mziki juu. Sisemi ni wenzetu peke yao, ila sisemi pia kwamba hatumo.

Kasa hajui geti liko wapi. Hutaga popote panapomfaa. Gari ikipita mchangani inaacha mtaro wa tairi, sisi tunauona mdogo, lakini kitoto cha kasa kikitumbukia humo hufuata mtaro na huenda asubuhi ikakikuta hapo hapo. Gari likipita juu ya kiota, mchanga unashindiliwa. Mabaki ya mishkaki yanaita mbweha na mbwa, na mnyama akishazoea kuja kula pale, hatosheki na mifupa, atafukua. Mifuko ya plastiki tunayoiacha upepo unaipeleka majini, na kasa akiiona inaelea anaweza kuimeza. Wallahi sisemi haya kumtisha mtu. Ni mambo ya kila siku ambayo anayelala pwani anaweza kuyaona kwa macho yake akitaka kutazama.

Nikisema hivi kwenye mikusanyiko yetu ya Ijumaa huwa napata majibu matatu, na yote nayaheshimu, kwa hiyo niyajibu hapa.

La kwanza: ati haya ni mambo ya Wazungu, wametuletea wao. Jamani, wacheni hayo. Waarabu walikuwa na hima kabla ya hifadhi hizi za leo: ardhi iliyotengwa, malisho yake hayaguswi ovyo, na mwenye kuilinda anajulikana. Na Muislamu yeyote aliyesoma chuoni anajua kwamba Madina imewekewa mipaka, miti yake haikatwi ovyo wala mawindo yake hayafukuzwi. Kule Pemba, kisiwa cha Misali, wavuvi wenyewe wamewahi kusomeshwa uhifadhi kwa aya na hadithi, na wakaelewa vizuri kuliko walivyoelewa vipeperushi vya serikali. Kuweka mpaka na kuuheshimu ni katika adabu zetu wenyewe. Tumesahau tu, au tunakumbuka pale inapotufaa.

La pili: tiketi ni ghali. Hapa nakubali. Mtu mwenye mshahara wa kawaida, watoto watano na wazee wawili, hawezi kulichukulia jambo hili kwa wepesi ukiongeza na petroli ya kwenda na kurudi, maana kutoka Maskati ni zaidi ya kilomita 200. Ningependa wahusika wafikirie bei ya familia, na siku maalumu za watoto wa shule, kwa sababu mtoto aliyemwona kasa kwa adabu atakuja kuwa mlinzi wake bila kulipwa. Lakini tiketi kuwa ghali si ruhusa ya kwenda kuvuruga pwani ya pili. Mtu akikuta nyama ghali buchani haendi kuchinja mbuzi wa jirani. Asiyeweza mwaka huu aende mwakani, au apeleke watoto wawili leo na wawili msimu ujao. Kasa si maonyesho ya wiki moja. Ras al-Jinz wanapanda karibu mwaka mzima, ingawa wengi zaidi ni miezi hii ya joto.

La tatu ndilo zito: mbona sisi tumekula kasa na mayai yake tangu utotoni, na tumekua? Ni kweli. Mie mwenyewe nimekula mayai ya kasa. Tulikuwa tukifuata alama za makasia mchangani alfajiri, tunachoma kijiti, kikitoka kimelowa tunajua pana mayai. Tulijiona mashujaa, na nyumbani tulisifiwa. Silikani hilo. Lakini tulikuwa watu wachache, mtumbwi wa ngarawa, nyavu chache, pwani bila taa wala mahoteli. Yale tuliyoyafanya sisi kwa kijiti leo yanafanywa kwa boti za mashine.

Na liko jambo jingine ambalo msomaji wa Pemba hana haja ya kuelezwa. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na makumi ya watu wakalazwa. Novemba 2021, Pemba hiyo hiyo, walifariki watu saba. Sumu hii haionekani, haina harufu, haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga, na haina dawa ya kuiondoa. Kasa wa leo huenda hana kitu, wa kesho akawa nayo. Wanaokufa zaidi ni watoto wadogo, na hata mtoto anayenyonya anaweza kuipata kwa maziwa ya mama aliyekula.

Haya tunayasoma kwenye simu zetu hapa Maskati, Dubai na Doha, tunasema inna lillahi, tunapeleka chochote kwa wafiwa. Halafu tukienda likizo nyumbani, jamaa anatuletea kitoweo kwa heshima ya mgeni, na sisi tunaona haya kukataa. Mgeni anayetoka Ghuba ana sauti, tusijidanganye. Tukisema kwa upole, ahsante ndugu yangu, hiki mie sili wala watoto wangu hawali, na sababu yake ni hii, neno letu linafika mbali. Tukila, ndio tumetia muhuri.

Vilevile kuna zile sehemu za kuogelea na kasa ambazo siku hizi kila mtalii wa Zanzibar anapelekwa. Kasa wamefungiwa kwenye dimbwi, watoto wanawalisha mwani na kuwashika magamba. Baadhi ya wenyewe husema wanawatunza kisha wanawaachia, na huenda wapo wanaofanya hivyo kwa nia safi. Lakini hebu tujiulize: tunamfundisha nini mtoto tukimwambia Ras al-Jinz asimmulike hata kwa simu, kisha wiki mbili baadaye tunalipa apande mgongoni? Mtoto haoni Oman na Zanzibar kama mitaala miwili. Anaona mzazi mmoja.

Kama unataka kumwonyesha kasa nyumbani, njia ipo. Kisiwa cha Juani, Mafia, wanakijiji wamekuwa wakilinda viota kwa miaka mingi, na wageni hulipa kwenda kutazama vitoto vikitoka mchangani na kuingia baharini, na sehemu ya fedha inabaki kijijini. Huko mtoto wako atamwona kasa akiwa huru, na mvuvi atapata cha jikoni bila kumchinja. Fedha yetu ya likizo ikienda upande huo, inafanya kazi mara mbili.

Basi kwa wanaofunga safari msimu huu, haya ndiyo ninayoomba, na nayaandika kama bibi aliyekwisha kukosea.

Wekeni nafasi mapema, maana makundi yana idadi yake na mlangoni huwezi kubishana ukiwa na watoto wanaolia. Wenye watoto wadogo wafikirie zamu ya alfajiri. Mtoto amelala, jua linachomoza, na huenda akamwona kasa anarudi baharini kwa mwanga wa Mungu, bila tochi. Vaeni nguo za rangi iliyokolea, chukueni shuka, kwa sababu upepo wa pale ni mkali hata Maskati ikiwa inaunguza.

Elezeni masharti nyumbani, kwa Kiswahili, kabla ya kupanda gari. Msisubiri kijana wa kituoni aeleze. Mtoto asipoelewa sababu ya sharti hulishika mbele ya mlinzi tu. Mwambieni: taa inampoteza mtoto wa kasa njia. Mtoto wa miaka minne analielewa hilo.

Wale wanaopiga kambi nje, acheni gari barabarani, zimeni taa, msichimbe, na takataka rudini nazo nyumbani, hata maganda ya machungwa. Mkiona alama za makasia mchangani, msizifuate. Sie tuliokulia pwani mikono inatuwasha tukiziona, najua.

Na mtu mzima akikosea, aseme pale pale. Asimwachie mtoto.

Njiani msikimbilie tu. Simameni Sur. Kutoka bandari ile majahazi yalikuwa yakishuka na kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Zanzibar, yakirudi na kusi, na manahodha walikuwa wakilitafuta Ras al-Hadd kwa macho wajue wamefika. Wengi wetu tumo humu duniani kwa sababu ya pepo hizo. Na ni wakati wa kusi hiyo hiyo ambapo kasa hupanda kwa wingi mchangani. Waambieni watoto hivyo mkiwa mmekaa gizani mnasubiri, kwa sauti ndogo. Kusubiri ni sehemu kubwa ya ziara ile, na kwa wengi wetu ndiyo iliyokuwa ngumu.

Sisi tunaondoka Alhamisi, magari matatu tena. Mjukuu wangu ameshatoa amri: simu zote zitabaki garini, kwenye mfuko mmoja, ufunguo anao yeye. Ameniambia ya kwanza kuingia itakuwa yangu. Nimekubali.